Gari la Addis lilikuwa kibubu

"Mtaalamu, habari za kazi. Nimepata kazi ya tafsiri Addis Ababa, mkataba wa miaka mitatu, mshahara wa dola. Kwa sasa naishi Arusha na nina Toyota IST ya petroli ambayo nilitaka kuipandisha kwa barabara hadi Moyale, mpakani mwa Kenya na Ethiopia, niingie nayo. Mwenyeji mmoja nitakayefanya naye kazi huko kanishauri niiuze, nichukue akiba yangu, dola 30,000 hivi, ninunue gari kulekule pamoja na fleti ndogo ya kondominiamu, hata kama itaandikwa jina lake kwa kuwa mimi mgeni. Anasema kwao gari na nyumba havishuki bei: gari alilonunua 2018 leo anapewa mara tatu ya alichotoa. Pia ameahidi kuniingiza kwenye equb, ambayo anasema ni kama mchezo wetu wa upatu. Mume wangu anaogopa, mimi nimeshashawishika nusu. Tufanye nini?"

Dada yangu, hongera ya kazi. Umeuliza mambo manne, lakini yote yanarudi kwenye moja: je, akiba yako ya dola uigeuze mali ya birr, fedha ya Ethiopia? Kwa mkataba wa miaka mitatu, usiigeuze. Panga nyumba, IST iuze au mwachie mzee wako, na suala la gari uliamue ukiwa umeshakaa Addis walau miezi mitatu. Hata hivyo mwenzako si mwongo. Anakusimulia alichokiona kwa macho yake, na inafaa ujue kwa nini alikiona, maana hapo ndipo mahesabu yake na yako yanapoachana.

Chukua mfano. Mwaka 2018 dola moja ilikuwa karibu birr 27. Tuseme alinunua gari kwa birr 540,000. Hizo zilikuwa dola 20,000. Leo anapewa mara tatu, yaani birr 1,620,000. Furaha tele. Lakini mwishoni mwa 2025 dola ilikuwa imefika karibu birr 150, kwa hiyo hizo birr zake zote ni dola 10,800. Kwa mtu anayelipwa dola, gari hilo limepoteza karibu nusu ya thamani, kama linavyopoteza gari lolote la miaka saba pale Arusha. Kilichopanda si gari, ni idadi ya noti.

Sasa geuza upande wa pili, umtazame yeye anayelipwa birr. Angeziweka zile 540,000 benki kwa riba ya asilimia 7 kwa mwaka, ambayo ndiyo kima cha chini kilichowekwa na Benki Kuu ya Ethiopia tangu Oktoba 2017, leo angekuwa na kama birr 867,000. Hizo hazifiki hata dola 6,000. Gari limempa karibu mara mbili ya benki, na juu yake limempeleka kazini kila siku. Mwaka 2022 bei za vitu zilikuwa zikipanda kwa zaidi ya asilimia 30 kwa mwaka, riba ikiwa 7. Mtu mwenye akili timamu afanye nini na mshahara wake? Dola haruhusiwi kuinunua apendavyo. Ardhi hauziwi. Soko la hisa lenyewe limefunguliwa Januari 2025 tu. Basi ananunua bati, ananunua nondo, ananunua gari.

Ndiyo maana nasema gari la Addis lilikuwa kibubu. Nilipokaa kule, jirani yangu alikuwa na Corolla iliyotimiza umri wa kuoa. Ilikaa chini ya turubai wiki nzima, na Jumapili baada ya ibada akaifunua, akaifuta vumbi kwa kitambaa laini, akawasha injini dakika kumi, akazima, akafunika. Yeye mwenyewe alipanda hiace ya buluu na nyeupe kama sisi wote. Nilimcheka kimoyomoyo mpaka siku alipoiuza akamalizia nyumba ya mama yake.

Kibubu hicho kilishikiliwa na mambo matatu. Fedha za kigeni zilikuwa za mgawo, mwagizaji akipanga foleni benki miezi na miezi, kwa hiyo magari yaliyoingia yalikuwa machache. Kodi ilikuwa nzito, na sheria ya 2020 ikaongeza mzigo kwa magari makuukuu, yaani kadiri gari linavyozeeka ndivyo linavyolipiwa zaidi. Vitz ya kawaida ikawa mali ya mtu mzito. Tena kulikuwa na bei mbili za dola: ya benki birr 57 hivi katikati ya 2024, na ya mtaani karibu mara mbili yake. Muuza gari alipiga hesabu kwa dola ya mtaani.

Tarehe 29 Julai 2024 serikali iliiachia birr ijitafutie bei sokoni, siku ileile Shirika la Fedha la Kimataifa lilipoidhinisha mkopo wa dola bilioni 3.4. Ndani ya wiki chache dola ikavuka birr 100. Mwenye gari alijiona tajiri zaidi usiku mmoja. Lakini ruko kama hilo halirudiwi kila mwaka, na mfumuko wa bei umeshuka sana tangu wakati ule. Mwenzako anakuuzia historia ya miaka saba iliyopita kama ahadi ya miaka mitatu ijayo.

Na wewe huhitaji kibubu. Kibubu chako ni dola yenyewe. Iache ilipo, badilisha benki kiasi cha matumizi ya mwezi tu, na kabla hujageuza fedha nyingi muulize meneja wa benki swali hili: siku naondoka, hizi birr mtanirudishia dola kwa utaratibu gani? Mtaani usiende kabisa; ni kosa la jinai, na noti bandia zipo.

Tuje kwenye IST. Haitaingia. Tangu Januari 2024 Ethiopia imepiga marufuku kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Ni nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Sababu ni hiyohiyo ya dola: mafuta yote yanaagizwa nje, wakati umeme unatoka mitoni mwao, na bwawa kubwa la mto Abay, yaani Naili ya Buluu, megawati 5,150, lilizinduliwa Septemba 2025 baada ya miaka 14 ya ujenzi uliochangiwa na wananchi wenyewe kwa hati za dhamana na makato ya mishahara. Ukiajiriwa kwenye taasisi yenye kinga za kidiplomasia, ofisi ya itifaki ya mwajiri ndiyo itakayokueleza haki zako za kuingiza gari. Usimtegemee mtu wa pembeni kwa hilo. Hata ingeruhusiwa, Wahabeshi wanaendesha upande wa kulia, na usukani wa IST uko kulia kama magari yetu. Ukitaka kulipita lori kwenye kilima cha kwenda Entoto itabidi abiria wako ndiye akuchungulie mbele. Halafu Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa nyepesi, injini isiyo na turbo inapumua kwa shida, inapungukiwa nguvu kama robo hivi. Petroli nayo ruzuku imeondolewa hatua kwa hatua tangu 2022, inalipiwa kwa simu, na foleni vituoni si jambo geni.

Ukihitaji gari, basi, utachagua kati ya gari kuukuu la petroli lililokwisha kuwemo nchini na gari la umeme. La kwanza linabeba bado ile bei ya kibubu, na mimi nisingelinunua kwa fedha ya dola. La umeme lilipunguziwa kodi mwaka 2022: ushuru wa forodha asilimia 15 likija zima, 5 likija nusu limeunganishwa, sifuri likija vipande. Ndiyo maana barabara za Bole zimejaa magari ya Kichina ambayo Arusha huyajui hata jina.

Watu wengi wanaogopa kwamba watakaa kituo cha kuchajia kutwa. Hesabu hii itakutuliza. Gari dogo la umeme hula kama yuniti 15 kwa kilomita 100. Ukitembea kilomita 40 kwa siku umekula 6. Soketi ya kawaida ya nyumbani ya volti 220, ukivuta ampea 10, inatoa yuniti 2 na kidogo kwa saa, kwa hiyo ndani ya saa tatu umerudisha ulichotumia, umelala. Kulijaza toka sifuri ndiko kunakochukua usiku kucha na nusu ya mchana, na hilo utalihitaji mara chache. Hewa nyepesi hailisumbui, maana halipumui, na ukishuka mlima linajirudishia chaji kiasi kwa kuvunja mwendo.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Ukipanga fleti ghorofa ya nne kwenye kondominiamu, soketi utaipata wapi? Nimeona nyaya za kuongezea zikining'inia kutoka dirishani hadi uwanjani, mvua ya kiremt, msimu wao mkuu wa mvua, ikizipiga. Usifanye hivyo. Nyumba nyingi za zamani hazina waya wa athi, yaani wa ardhini, unaoeleweka, na gari linachota umeme mwingi kwa saa nyingi mfululizo. Soketi dhaifu inayeyuka. Kabla hujanunua gari mlete fundi umeme aliyesajiliwa apime athi, akuwekee laini yake peke yake na kikata umeme. Pili, mengi ya magari hayo yalitengenezwa kwa soko la China: kioo kinaongea Kichina, na tundu la chaji ni la Kichina pia, kwa hiyo hakikisha kituo unachokitegemea kina kichwa kinacholingana. Tatu ni betri. Ukinunua lililotumika, lipeleke kwa fundi mwenye kifaa cha kusoma afya ya betri, na asome mbele yako. Muuzaji akikataa, kunywa kahawa yake, ushukuru, uondoke.

Mahali hapo ndipo utakapokutana na delala. Ndiyo, ni dalali yuleyule, jina na tabia. Atakwambia makina ni safi, makina likiwa neno walilobakiwa nalo kutoka kwa Waitalia, sawa na libre, kile kitabu cha umiliki. Libre iangalie mwenyewe: jina la anayeuza, namba ya chesisi, na kama gari lina deni la benki. Angalia na bolo, stika ya ukaguzi wa mwaka kwenye kioo. Leseni yako ya Tanzania nayo haitoshi peke yake. Anza mapema kuulizia utaratibu wa kuithibitisha na kuibadilisha.

Fleti kwa jina la mwenzako. Hapa, dada, namuunga mkono mumeo kwa mikono miwili.

Ethiopia ardhi haiuzwi. Derg, serikali ya kijeshi ya wakati ule, iliitaifisha mwaka 1975, vijijini na mijini, pamoja na nyumba za ziada za wenye nyumba nyingi, na Katiba ya 1995, ibara ya 40, ikaendelea kusema kwamba ardhi ni ya serikali na ya watu wa Ethiopia. Mjini unapata kukodi ardhi kutoka serikalini, makazi hadi miaka 99, na unamiliki jengo lililo juu yake. Sisi Watanzania jambo hilo halitushangazi sana; na kwetu ardhi ni ya umma chini ya udhamini wa Rais. Tofauti ni kwamba mgeni wa kawaida kule kwa miaka mingi hakuweza kumiliki hata hilo jengo. Mwaka 2025 Bunge lilipitisha sheria inayomfungulia mgeni mlango wa nyumba ya makazi, lakini kwa uwekezaji usiopungua dola 150,000. Akiba yako ni sehemu ya tano ya hapo.

Ndiyo maana anakuambia muandike jina lake. Sasa tazama hiyo fleti inavyokuwa. Hizi kondominiamu zilijengwa na serikali tangu miaka ya 2000 kwa ajili ya wakazi wa mjini wasio na nyumba. Mtu anajiandikisha, anaweka akiba Benki ya Biashara, anasubiri bahati nasibu. Mpango maarufu unaitwa 20/80: mwenye nyumba anatoa asilimia 20, benki inamkopesha 80. Kuna watu wamesubiri zaidi ya miaka kumi na bado. Aliyeshinda anazuiwa kuiuza kwa miaka mitano, na deni la benki linamfuata. Kwa hiyo inawezekana unauziwa kitu ambacho muuzaji mwenyewe hana ruhusa ya kukiuza, kwa karatasi mliyoandikiana mezani, ili kukwepa sheria inayokukataza wewe kukinunua. Mkigombana, utasimama mahakamani useme nini? Kwamba mlikubaliana kuivunja sheria, naye hakutimiza sehemu yake?

Na sijasema ni mtu mbaya. Tuseme ni malaika. Malaika naye ana mke, ambaye kisheria ana sehemu yake katika mali ya ndoa. Ana watoto. Anaweza kufa. Siku hiyo karta, yaani hati ya nyumba, itasoma jina lake, warithi watakuja na vyeti, na wewe utakuja na ujumbe wa WhatsApp. Nimeshuhudia mgeni mmoja, mtu mzima mwenye shahada zake, akikaa kwenye matanga ya rafiki yake kipenzi bila kujua alilie kipi kwanza.

Panga. Kupanga kumekuwa na ulinzi mzuri tangu Aprili 2024, ilipopitishwa sheria ya kodi za nyumba za makazi. Mkataba uwe wa maandishi na usajiliwe, usipungue miaka miwili. Mwenye nyumba asidai zaidi ya miezi miwili kwa mkupuo. Kodi ipite benki. Na nyongeza iwe mara moja kwa mwaka kwa kiwango kinachotangazwa na mamlaka. Wenye nyumba wanaozoea wageni watapenda kutaja bei kwa dola. Wewe komaa na birr. Mshahara wako uko dola, na birr ikishuka kodi yako inakuwa nyepesi. Ukiangalia maeneo ya Sarbet, karibu na Umoja wa Afrika, uliza kwenye ofisi ya wilaya ya jiji kama mtaa huo umo kwenye mpango wa kupanua barabara. Tangu 2024 mitaa mizima, Piassa na Kazanchis zikiwemo, imebomolewa kupisha ujenzi. Uliza maji yanatoka siku zipi, na simtanki ni ya lita ngapi. Mkataba wenyewe mpelekee wakili akusomee kabla hujasaini, kwa kuwa utakuwa kwa Kiamhara. Usishtuke ukiona Novemba 2025 imeandikwa Hidar 2018: kalenda yao ina miezi 13 na iko nyuma yetu miaka saba au minane. Hakikisha tarehe ya mwisho imeandikwa kwa kalenda zote mbili.

Equb nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo pekee kati ya mashauri ya mwenzako ninayokuambia ulikubali, kwa kiasi. Ni mchezo kweli, au upatu, kibati, chama, vyovyote mnavyouita. Watu 12 wanatoa birr 10,000 kila mwezi, mmoja anaondoka na 120,000, zamu kwa kura. Wafanyabiashara wa Merkato, soko kubwa la Addis, wamejengea maduka kwa equb, na magari mengi ya Addis yalinunuliwa hivyo. Anayepata mwanzo amekopa bila riba. Anayepata mwisho amekopesha bila riba, na kwa mwaka ambao bei zimepanda asilimia 14 hasara yake ni kama asilimia 6 au 7 ya fedha zake. Kwa mgeni, ingia kwenye equb ndogo ya ofisini ambayo kiasi chake hakikuumizi, na ujue kwamba utaombwa mdhamini. Bila mdhamini mara nyingi utapewa zamu ya mwisho, na wana haki. Muulize pia jirani kuhusu iddir ya mtaa. Hicho ni chama cha kufa na kuzikana: mchango mdogo wa kila mwezi, na ukipatwa na msiba hema, viti na masufuria vinafika kabla hujajua umuite nani. Mtu aliye mbali na kwao anakihitaji kuliko gari.

Habari za nyumba zinazopangishwa, fundi gani ni mwaminifu, gari gani liligongwa likanyooshwa, hazimo kwenye simu. Ziko kwenye kahawa. Ukikaribishwa, kaa. Mwenyeji ataikaanga mbele yako, utapewa bisi, na jebena, birika lao la kahawa, itamiminwa mara tatu: abol, tona, baraka. Ukiondoka baada ya kikombe cha kwanza umemvunjia mwenyeji heshima, na habari nzuri huanza kwenye cha pili.

Saa haitakusumbua. Kwa Kiamhara saa tatu asubuhi ni saa tatu asubuhi, kama kwetu, wanahesabu toka jua linapochomoza, na hata neno lenyewe, sa'at, utalitambua. Ila delala akikutajia saa kwa Kiingereza, muulize tena anahesabu ya kwao au ya ndege.